Somo la Afya: Mtoto Anayepumua kwa Mrija wa Shingoni

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MRIJA, MAKOHOZI, KUFYONZA. Tutayasikia mara nyingi.

Sasa kila mmoja wenu avute pumzi, kisha aitoe. Hewa imeingia puani, ikashuka kooni, ikafika mapafuni. Lakini wako watoto ambao njia hiyo imeziba au ni nyembamba mno. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine wana uvimbe au kovu kooni. Daktari humfungulia mtoto kama huyo tundu dogo mbele ya shingo, akatia mrija uliopinda ili hewa ipite humo. Kazi hiyo huitwa trakeostomi. Si jambo geni. Mwaka 1825 daktari mmoja wa Ufaransa, Bretonneau, alimwokoa kwa njia hiyo mtoto wa kike aliyekuwa akisongwa na dondakoo.

Mrija si ugonjwa, wala hauambukizi. Mtoto aweza kucheza na wenzake. Ila yako mambo ambayo watu wa nyumbani lazima wayajue.

Jambo la kwanza ni unyevu. Pua ina kazi tatu: huipasha hewa joto, huipa unyevu, na huchuja vumbi. Hewa ya mrijani haipiti puani, basi huingia kavu. Makohozi nayo hukauka, yakaganda, na mrija huziba. Kwa hiyo mtoto avae kile kifuniko cha kuhifadhi unyevu alichopewa hospitali, kama alivyoagizwa. Asikae penye moshi wa jiko au wa sigara, wala penye vumbi la ufagio. Asipakwe poda shingoni. Akioga, maji yawe machache katika beseni, wala asimwagiwe kichwani. Maji yakiingia mrijani yamekwenda mapafuni.

Jambo la pili ni sauti. Mtoto huyu akilia, huenda usimsikie. Kwa nini? Sauti hufanyika kooni, juu ya mrija, na pumzi hutokea shingoni kabla haijafika huko. Mama aliye uani akisema, "Mwanangu kalala, kimya kabisa," hajui kama amelala au anasongwa. Kwa mtoto huyu, macho ndiyo masikio. Tazameni: Je, anapumua mbio? Je, matundu ya pua yanatanuka, na mbavu zinabonyea ndani? Je, anahangaika? Je, midomo imegeuka rangi ya kibuluu au ya majivu? Je, mrija unakoroma? Hizo ni dalili kwamba anahitaji msaada mara moja.

Jambo la tatu ni kufyonza makohozi. Nawa mikono kwa sabuni. Ingiza mpira mwembamba wa kufyonzea kwa kipimo kile ulichoonyeshwa hospitali, usipite hapo, maana ukizidi utaumiza ndani. Fyonza wakati unautoa, wala usizidishe sekunde 10. Mwache mtoto apumue, ndipo urudie kama bado yapo. Tena, umeme hukatika. Ulizeni hospitali habari za pampu ya mkono au ya mguu.

Je, mpira ukikataa kupita? Hapo mrija umeziba. Usingoje gari. Piga kelele mtu aje, kata utepe, toa mrija ule, tia mpya. Ukikataa kuingia, tia mwingine ulio mdogo kidogo. Kwa hiyo mrija wa akiba wa kipimo kile kile, na mmoja mdogo zaidi, pamoja na makasi, utepe na vifaa vya kufyonzea, vikae katika mfuko mmoja. Mtoto aendako, mfuko uende, hata kama ni dukani tu.

Kazi hii haijifunzwi kwa redio peke yake. Kabla mtoto hajatoka hospitali, ombeni kufundishwa, na mfanye kwa mikono yenu mwuguzi akiwatazama: kufyonza, kubadili mrija, na kumpulizia mtoto pumzi asipopumua. Nasema "ombeni," ninyi wengi, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Katika nyumba nyingi ni mama peke yake anayejua. Akiugua, je? Akienda kisimani? Akishikwa na usingizi baada ya kukesha siku tatu? Baba ajifunze. Bibi ajifunze, au shangazi, au jirani wa mlango wa pili. Hata utepe wa shingoni hubadilishwa na watu wawili: mmoja ashike mrija usichomoke, wa pili afunge, akiacha nafasi ya kidole kimoja.

Sasa kazi ya kuandika. Nakilini maneno haya kwa herufi kubwa, katika kipande cha karatasi ngumu:

MTOTO HUYU ANAPUMUA SHINGONI.
USIZIBE SHINGO YAKE.
MFUKO WAKE UNA MRIJA WA AKIBA.

Kadi kama hiyo ikifungwa katika mfuko wa mtoto, utingo wa basi ataisoma, mwalimu wa shule ataisoma, na mwuguzi wa zahanati ambaye hajapata kumwona mtoto wa namna hii ataisoma. Basi iandikeni kwa mwandiko ulio wazi.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini makohozi hukauka mrijani?
2. Utajuaje kwamba mtoto asiye na sauti anasongwa?
3. Katika mtaa wenu, nani wawili wangeweza kujifunza pamoja na mama?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.