Mhuri Peke Yake Si Haki: Mazungumzo juu ya Neno "Arbitrarily"



Mzee mmoja wa jumuiya yetu alinijia asubuhi akiwa na karatasi mkononi. Kijana wake alikuwa mahabusu kwa siku nne, kisa mchango ambao hakuulipa. "Baba Padre," aliniambia, "mwanangu amefungwa bure." Nikaenda kwenye ofisi iliyohusika. Mkubwa wa pale akanijibu: "Hakuna cha bure hapa, Padre. Sheria ndogo ipo, na mhuri upo." Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba huenda wote wawili wamesema kweli. Sheria yaweza kuwapo, na mtu akawa amefungwa bure. Ili tuelewe jambo hilo, tulitazame neno moja la Kiingereza, "arbitrarily".

Neno hili limo katika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Ibara ya 17 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na kwamba asinyang'anywe mali yake "arbitrarily". Ibara ya 9 inatumia neno la shina hilohilo juu ya kukamatwa, kuwekwa kizuizini na kuhamishwa nchi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wa 1981, nao unalitumia juu ya uhai katika ibara ya 4 na juu ya kukamatwa katika ibara ya 6.

Angalieni kazi ya neno hilo katika sentensi. Tamko halisemi kwamba mtu asichukuliwe mali yake kamwe. Serikali yaweza kuhitaji kiwanja ili ijenge barabara au zahanati. Linalokatazwa ni kuchukua kwa namna fulani, na namna hiyo ndiyo inayotajwa na neno letu. Tukilielewa vibaya, ulinzi wote unaanguka.

Sisi tuliosoma Kilatini seminarini tunalijua shina lake. "Arbiter" ni mwamuzi, na "arbitrium" ni uamuzi au hiari yake. Basi kutenda "arbitrarily" ni kutenda kwa hiari ya mwenye nguvu peke yake, pasipo sababu inayoweza kutolewa mbele za watu na kupimwa.

Kwa Kiswahili wengi husema "kiholela". Neno hilo ni zuri, lakini linatufanya tufikirie fujo, hali uonevu waweza kutendwa kwa utaratibu mkamilifu, wenye jalada, sahihi na mhuri. Wengine husema "bila sheria". Hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa dhuluma nyingi zimetendwa kwa sheria. Huko Afrika Kusini, sheria ya 1963 iliwaruhusu polisi kumshika mtu kwa siku 90 bila kumfungulia mashtaka. Kwetu Tanzania, sheria ya 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika taarifa yake ya 1992, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zinazokandamiza.

Hata Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua hivyo mwaka 1990. Mwanasheria mmoja wa Uholanzi alikuwa ameshikiliwa wiki tisa hivi ili atoe habari za wateja wake. Sheria ya nchi yake iliruhusu. Hata hivyo Kamati ilisema kwamba neno letu ni pana kuliko "kinyume cha sheria": linagusa pia lisilofaa, lisilo la haki, na lile ambalo mtu hangeweza kulitazamia.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "pasipo sababu ya haki". Na yule mzee asiyejua Kiingereza alikuwa amekwisha kulitafsiri vema aliposema "bure".

Ndugu zangu, mtakapoitwa na jirani aliyeshikwa au aliyenyang'anywa, ulizeni kwa adabu maswali matatu. La kwanza: ni sheria ipi? La pili: sababu ni ipi, na je, inalingana na hatua iliyochukuliwa? La tatu: ni nani, asiye yule aliyeamua, atakayemsikiliza mtu huyu? Mkubwa anayejibu la kwanza tu hajamaliza kujibu.

Siku ile nilirudi ofisini nikauliza la pili na la tatu. Mkubwa yule alinyamaza kwa muda, akafungua jalada, akalifunga. Jioni kijana akaachiwa. Mchango aliulipa baada ya mavuno, maana alikuwa anadaiwa kweli, hilo hatukulificha.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema kwamba mkosaji asiadhibiwe. Walisema kwamba hata yeye anadaiwa sababu. Twendeni tukaidai kwa niaba ya wale wasioweza kuidai.