Kodi ya Mwezi, Pesa ya Msimu

Msikilizaji, ukitaka kujua kama pesa ya kahawa imeingia Mbinga, pita kwenye studio za picha. Malipo yakitoka, utakuta maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza wamevaa meupe, na baba aliyeahirisha picha ya familia tangu Pasaka. Ifikapo Februari, mwenye studio yuko nje kwenye benchi, anasubiri mwanafunzi mmoja wa pasipoti saizi.

Mwenye studio huyo ndiye anayetakiwa kukodi programu ya kuhariri picha kwa mwezi. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, wenye Photoshop, ilitangaza kwamba matoleo mapya hutayanunua yakawa yako; utayalipia kodi. Leo Photoshop peke yake ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi elfu hamsini. Mwenye mshahara atamudu. Huku kwetu pesa haifuati kalenda. Milimani Umatengo inafuata kahawa. Ukishuka ziwani, Mbamba Bay na Liuli, inafuata mwezi wa angani: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazina kazi, na mifuko ya ufukweni inakauka. Kodi haijui hayo.

Ndiyo maana wengi wanatumia kopi ya Photoshop iliyochakachuliwa, inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo, lakini sheria ni mbali. Kilicho karibu ni virusi. Flashi moja inatosha kuondoka na picha za harusi nzima, na harusi hairudiwi.

Sasa iko programu nyingine ya kuhariri picha, inaitwa GIMP. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995. Ni bure tangu siku hiyo, na toleo la tatu limetoka mwaka 2025. Ukishaiweka kwenye kompyuta, haikuombi bando wala haikuulizi umelipa lini.

Chukua mtoto wa komunyo aliyepigwa picha saa saba mchana: shati linawaka, uso umezama gizani. Unauzungushia uso mstari, unalainisha kingo, unapandisha mwanga hapo tu. Shati linabaki lilivyo. Kwa aliyezoea, ni dakika tano. Kuweka bluu nyuma ya picha ya pasipoti nako kunawezekana, ila misuko itakutoa jasho, kama inavyokutoa kwenye hiyo ya kulipia.

(Na hapa nitoe dukuduku. Nilipiga picha majuzi, nikarudishiwa uso mweupe kama sembe. Mama yangu aliuliza ni nani. Hilo si la programu, ni la fundi.)

Sitawadanganya. Vitufe vya GIMP vimekaa kwingine, na mkono uliozoea Photoshop utapapasa wiki za mwanzo. Faili za Photoshop inazifungua, ingawa si kila kitu kinakuja kama kilivyokuwa. Picha ghafi za kamera zinahitaji programu ya pili, darktable, nayo ni bure. Anayeandaa vitabu na majarida ya kupeleka kiwandani, kwenye rangi nne za uchapaji, pengine aendelee kulipa. Lakini fundi wa Mbinga anayesafisha picha kwa printa ya mezani, mimi sioni analipia nini.

Basi fundi unayenisikiliza, pakua GIMP kwenye tovuti yake yenyewe, gimp.org, siku ukipata mtandao mzuri. Iweke kwenye flashi safi, mpelekee mwenzako wa Lituhi. Leseni yake inaruhusu.