Tusimame Kwenye Ardhi Yetu Tukiwa Mashahidi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi)



Mmeniita niseme juu ya uwanja wa watoto uliozungushiwa mabati usiku. Nasikia wapo wanaotaka mabati hayo yang'olewe leo hii. Hasira yao ni ya haki. Hata hivyo naomba tukumbuke kwanza Muoroto.

Mwezi wa Mei 1990 matingatinga na askari wa Tume ya Jiji waliingia Muoroto, wakavunja vibanda vya maskini. Wakazi walipinga na mapambano yakazuka. Viongozi wa makanisa walisema kuna waliouawa, serikali ikakana. Hadi leo watu wazima hubishana juu ya marehemu wale, kana kwamba hawakuwa na majina wala mama zao.

Sasa tazameni Karura. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda miche katika msitu uliokwisha kugawiwa wanyakuzi. Hakwenda peke yake: aliandamana na wabunge na waandishi wa habari. Walinzi wa kukodiwa waliwashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi alitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Kamera zilikuwa zimeona yote, na nani angekana? Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Sisemi miche peke yake ilishinda. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao walitoka barabarani, tena si kwa utulivu. Lakini aliyeaibika mbele ya dunia ni yule aliyeshika rungu.

Mambo haya si ya Kenya pekee. Katika kijiji cha Bil'in, huko Palestina, Israeli ilijenga uzio uliotenga wakulima na zaidi ya nusu ya mashamba yao. Tangu mwaka 2005, kila Ijumaa baada ya sala, wanakijiji waliandamana kuelekea uzio huo, pamoja na Waisraeli waliowaunga mkono na wageni kutoka nchi nyingi. Walipigwa mabomu ya machozi; mnamo Aprili 2009 kijana wao, Bassem Abu Rahmeh, aliuawa kwa bomu la namna hiyo. Mkulima mmoja, Emad Burnat, alipiga picha miaka yote hiyo, kamera zake zikivunjwa moja baada ya nyingine. Wapo vijana waliorusha mawe, na kila jiwe lilitumiwa kuwasingizia wote. Hata hivyo mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe iliamuru uzio uhamishwe, na mwaka 2011 ukahamishwa. Sehemu tu ya ardhi ilirudi.

Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianza mwaka 2002 kupeleka wasindikizaji Palestina. Kazi yao ni kukaa na wanakijiji, kutazama na kuandika. Mkenya mwenzetu, Mchungaji Samuel Kobia, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK wakati wa Muoroto, aliliongoza Baraza hilo kuanzia 2004 hadi 2009. Kama kanisa laweza kutuma mashahidi ng'ambo, litashindwaje kutuma watu hatua mia moja kutoka madhabahuni?

Wala tusitegemee karatasi ya mahakama peke yake. Mei 2020, wakati wa korona, nyumba za maelfu zilibomolewa Kariobangi huku amri ya kuzuia ikiwa imetolewa.

Kwa hiyo napendekeza zamu za mchana na usiku penye mabati, wanne wanne, mmoja wao awe mzee wa kanisa. Andikeni saa, nambari za magari na maneno yaliyosemwa. Picha zipelekwe mara moja kwa mtu aliye mbali na hapo. Atakayekuja na jiwe arudishwe nyumbani kwa upole, na mama yake aambiwe.

Daftari la zamu liko mezani karibu na mlango. Usiku wa leo bado una nafasi mbili.