MESEJI NAYO NI USHAHIDI

(Maneno ya Ndugu Katibu kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Msimu uliopita mwenzetu mmoja alimkopesha mnunuzi gunia tatu za ufuta. Hawakuandikiana karatasi. Yule bwana alituma kishika uchumba kwa simu, shilingi 20,000, halafu akaandika meseji kwamba mzigo ameupata, Jumamosi anamalizia. Jumamosi zikapita nne. Kwenye usuluhishi akasema hajui ufuta wala gunia. Mwenzetu akatoa simu yake, meseji haimo. Imefutwa. Na aliyemwambia afute ni mimi hapa, maana simu ilikuwa imejaa. Nimekwenda kwake kumwomba radhi, na leo naomba tena mbele yenu.

Basi nikaona nijifunze sheria inasemaje, kwa kuwa wengi wetu tunadhani mahakama inataka karatasi yenye mhuri tu.

Zamani ilikuwa karibu hivyo. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya mwaka 1967. Walioitunga walifikiria daftari na leja; kompyuta nani aliiona wakati ule? Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank na Le-Marsh Enterprises, Mahakama Kuu upande wa Biashara iliulizwa kama hesabu zilizochapwa na kompyuta ni vitabu vya benki. Jaji Nsekela akazikubali. Aliona mahakama haiwezi kufumba macho na biashara imeshabadilika. Lakini huyo ni jaji anavuta shuka ya zamani ifike miguuni. Bunge liligusa sheria ile mwaka 2007, tena kwa mambo machache. Mwaka 2015 ndipo ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Na pesa za simu zilikwishaingia nchini tangu 2008! Miaka yote hiyo tunatumiana hela, sheria bado iko njiani.

Sasa sheria hiyo inasema ujumbe wa simu usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa simu. Ila msishangilie upesi. Mahakama itauliza: umetunzwaje? Kuna mkono uliougeuza? Aliyeutuma atajulikanaje kuwa ni yeye? Hapo ndipo wengi tutaanguka. Ukinakili meseji kwenye daftari, daftari linakukumbusha, lakini si meseji yenyewe. Na ninyi mnaotumia laini yenye jina la mtoto aliyeko Dar es Salaam, hela ikiingia kumbukumbu zitasema kapokea mtoto, siyo wewe. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Piga *106# uone namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ni namba usiyoijua, jamani, usilale nayo.

Jambo jingine nililolipenda. Kumbukumbu iliyotunzwa na mtu asiye na upande kwenye kesi, katika shughuli zake za kila siku, sheria inaipa uzito zaidi. Kampuni ya simu haimjui muuza ufuta wala mnunuzi. Kwa hiyo taarifa ya miamala kutoka kwao ina nguvu kuliko mimi Katibu kusimama na kuapa. Meseji ya maneno matupu, hiyo ikishafutwa msitegemee kurudishiwa. Ya pesa ni tofauti, muamala umeandikwa kwao.

Na zile meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”, msizijibu. Ipelekeni namba ya tapeli kwenda 15040. Kujifanya mtu mwingine ili uibe ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Nirudi kwa mwenzetu. Ile 20,000 bado imo kwenye kumbukumbu za kampuni, na jina la aliyetuma limo. Haithibitishi gunia tatu, sikudanganyeni. Lakini mtu aliyesema hatujui ataulizwa alikuwa akitutumia hela ya nini. Jumatatu tunakwenda mjini yeye na mimi, na kitambulisho chake, kuomba taarifa hiyo. Nauli nalipa mimi.

Mwingine mwenye deni na mnunuzi huyo huyo, na meseji bado anayo, asiifute. Aje ofisini kabla ya Jumatatu na simu yenyewe, siyo picha yake.