Andikeni Bei Mliyolipana



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya kununua na kuuza ardhi. Nitashika jambo moja, maana ndilo watu wetu wa Kwale wanalonijia nalo mara kwa mara kule Mombasa: desturi ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba.

Mnaijua. Mmekubaliana shilingi milioni 6 kwa ploti ya Kisauni. Dalali anasema, "Tuandike 4, ushuru upungue." Muuzaji anatabasamu, na ana sababu. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Akificha milioni 2, amekwepa 300,000. Wewe mnunuzi je? Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hivyo unadhani umeokoa 80,000. Lakini mthamini wa serikali hukadiria thamani yake mwenyewe, na mara nyingi hata hizo huzioni.

Sasa piga miaka kumi mbele. Unauza kwa milioni 9. Faida yako ya kweli ni milioni 3, kodi 450,000. (Gharama za wakili na za ujenzi nimeziacha, hizo hupunguza faida, mradi risiti zipo.) Makaratasi lakini yanasema ulinunua kwa milioni 4. Faida inakuwa 5, kodi 750,000. Imezidi 300,000, zile zile alizokwepa aliyekuuzia. Umemlipia, na wala hakukuomba.

Ukitaka mkopo, benki nayo husoma mkataba huo huo. Kwa kawaida hukopesha kwa kufuata bei au thamani, ile iliyo ndogo. Na biashara ikivunjika, ukidai milioni 6 mbele ya hakimu, utaonyesha karatasi gani? Sisemi hata kwamba kuidanganya KRA ni kosa la jinai; hilo mnalijua.

La kusikitisha ni kwamba wengine hudanganya bila kudaiwa. Shamba la kilimo lisilofika ekari 50, lililo nje ya mji, halitozwi kodi hii. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi milioni 3, vivyo hivyo. Nyumba yako uliyokaa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, pia. Mzee anayeuza ekari tatu za minazi kule Msambweni aandike bei yote bila hofu. Kinachomhusu yeye ni kibali cha bodi ya ardhi, na idhini ya mkewe ikiwa hapo ndipo kwao.

Leo tunachangia ploti ya bweni la wanafunzi wetu. Kwa kamati nina ombi: bei tutakayolipa ndiyo iandikwe, pesa zipitie benki, na hatimiliki itoke kwa majina ya wadhamini, isitoke kwa jina la mtu mmoja hata awe mwema namna gani.

Mwenye mkataba ambao hajautia sahihi, anione baada ya chakula. Nitakuwa meza ya pili kutoka mlangoni. Aje na nakala mkononi, si ya kusimuliwa na dalali.