Mzigo Uliochelewa Njiani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu zangu wana-Tabora mnaoishi hapa Dar es Salaam: mwangaluka!

Nimeombwa nieleze kwa nini mwaka huu tunachangia vijiti vya kupimia sukari. Mimi ni mhasibu, si daktari. Nitasimulia niliyoyaona kwa mama yangu kule Kwihara.

Mama ana kisukari kwa zaidi ya miaka 20, anadunga insulini. Mwaka juzi alianza kushiba kwa matonge mawili tu. Usiku anatapika ugali na nsansa za mchana, vikiwa karibu kama alivyovimeza. Majirani walisema karogwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilimgombeza kwa simu nikidhani anadeka.

Daktari alimwangalia tumbo kwa kamera, akaona hakuna kidonda wala kizuizi. Akatueleza: sukari ikikaa juu miaka mingi inaweza kuharibu neva ya vagasi, ile inayoliamuru tumbo lisukume chakula kwenda utumboni. Kwa mtu mzima wa afya, baada ya muda wa saa 4 karibu chakula chote kimeshatoka tumboni. Cha mama kinalala humo. Babu zetu wapagazi wangeelewa upesi: daftari linasema mzigo umefika Tabora, kumbe msafara bado uko Ugogo! Insulini haisubiri. Sukari inashuka, mama anatetemeka, jasho linamtoka, na ameshazimia mara moja akiwa amekula. Chakula kikija kushuka, sukari inaruka juu.

Kilichotusaidia ni daftari. Mdogo wangu alimpima kabla na baada ya kula, akaandika saa na tarakimu. Daktari alipozisoma kurasa zile akapanga upya sindano (tafadhali, mgonjwa asijipangie mwenyewe). Sasa mama anakula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, vyakula laini; mafuta na karanga amepunguza, na akishakula anatembea uani badala ya kujilaza. Michembe ameikosa, na kwa hilo ananinunia mimi.

Mashine yenyewe inaingia mfukoni. Kinachotumaliza ni vijiti: kimoja kwa kila kipimo, hakirudiwi. Anayepima mara 4 kwa siku anahitaji 120 kwa mwezi wa siku 30. Ndiyo maana bahasha mlizopewa mlangoni zimeandikwa “vijiti”. Mweka hazina yuko meza ya kulia, na stakabadhi anazo.