Akiba Inayooza

Dominika ya 18 ya Mwaka B



Katika somo la kwanza la Dominika hii, kutoka kitabu cha Kutoka sura ya 16, tumewasikia Waisraeli wakinung'unika jangwani, na Mungu akiwashushia mkate kutoka mbinguni. Kila mtu aliamriwa aokote sehemu ya siku moja. Somo letu limekoma kabla habari haijaisha. Anayeendelea kusoma nyumbani atakuta kwamba baadhi ya watu hawakusadiki, wakaiweka mana hadi asubuhi, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Wazee wetu walituachia methali kwamba akiba haiozi. Hapa Maandiko Matakatifu yanatuonyesha akiba iliyooza kwa usiku mmoja.

Tunalikumbuka jambo hili kila tunapoishika simu ya mkononi, na tunaomba mtuwie radhi kwa kuitaja simu katika mahubiri. Siku hizi masomo ya Misa, ratiba za jumuiya ndogo ndogo na taarifa za michango ya kigango hupitia humo. Simu nyingi za waamini wetu huendeshwa na mfumo uitwao Android, uliotokea sokoni mwaka 2008. Mfumo huo ukiwekwa katika lugha yetu, huwa na kitufe kilichoandikwa “Futa akiba”. Aliyeitafsiri hatudhani alikuwa akiiwaza mana, lakini amewarahisishia kazi wahubiri.

Akiba hiyo ni nini? Mama mwenye busara haendi kisimani kila mtoto anapotaka kunywa maji. Huteka mara moja, akajaza mtungi, akauweka karibu. Programu za simu hufanya vivyo hivyo. Ukifungua picha au ukurasa, programu huweka nakala yake ndani ya simu, ili ukirudi kesho isilazimike kuifuata tena mbali kwa kutumia bando lako. Basi akiba hiyo si uchafu. Iliwekwa kwa wema, ituharakishie kazi. Lakini maji ya mtungi yakikaa wiki tatu bila kubadilishwa huota viluwiluwi. Nakala zikirundikana, nafasi hupungua, na simu yenye hifadhi ndogo huanza kuwa nzito na kuganda. Tena nakala nyingine huharibika, programu ikawa inakufungukia na kujifunga yenyewe.

Hapo ndipo kitufe kile kina kazi yake. Unaingia katika mipangilio, unatafuta orodha ya programu, unaichagua ile inayosumbua, unafungua sehemu ya hifadhi, unafuta akiba. Ujumbe wako haupotei, wala akaunti yako haifungwi. Programu itachelewa kidogo mara ya kwanza, kwa sababu inakwenda kisimani upya, kisha itaendelea. Wala haifai kufanya hivyo kila siku kama wafanyavyo vijana wengine, kwa maana kinachofutwa leo kitapakuliwa tena kesho kwa bando lilelile. Tangu toleo la 8 la Android, la mwaka 2017, mfumo wenyewe hupunguza akiba za programu pale nafasi inapohitajika. Programu za nje zinazojitangaza kwamba zinasafisha simu, zikikutisha kwa maandishi mekundu, tunaziona kama wauza dawa wa mnadani: nyingi hukuletea matangazo zaidi ya usafi. Afadhali kuizima simu na kuiwasha tena.

Na tuseme ukweli, mara nyingi kinachoijaza simu si akiba hiyo hata kidogo. Ni video, na picha za kutakiana heri ya asubuhi, ambazo kila kundi hutuma na simu huzipakua yenyewe bila kuulizwa. Hata picha ya Bikira Maria ikitumwa mara hamsini hula nafasi mara hamsini. Upakuaji huo unaweza kuzuiwa katika mipangilio, na kumnyima mtu nafasi ya kuijaza simu yako kwa baraka si dhambi.

Lakini, wapendwa, akiba iliyochakaa ina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko uzito. Huweza kukuonyesha jambo la jana kana kwamba ni la leo. Unafungua ukurasa, nao ulikwishabadilishwa na mwenyewe. Simu inakutolea nakala ya zamani, nawe unaamini umeuona ukurasa. Je, si ndivyo tunavyotazamana katika jumuiya zetu? Yupo ndugu aliyechukua fedha za jumuiya miaka 12 iliyopita. Amezirudisha, amepokea Kitubio, amekuwa mtu mwingine. Anaposimama kuomba asaidie kuhesabu sadaka, minong'ono inaanza. Hatumtazami yeye; tunaitazama nakala tuliyoiweka siku ile. Mungu amekwisha kuandika ukurasa mpya, sisi tunasoma wa kale, na tunajiita wenye kumbukumbu nzuri. Mke humfanyia mumewe hivyo, mapadre huwafanyia waamini hivyo, na mzazi huweza kumwita mwanawe mvivu hadi mwana huyo anapata wajukuu. Wanaomfuata Yesu katika Injili ya leo nao walikuwa na nakala ya jana: walimtafuta kwa sababu ya mikate waliyokula, wasimwone aliyesimama mbele yao akiwapa chakula kisichoharibika.

Hapa ndipo mhubiri angependa kusema: basi, futeni yote. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, na tutawaambia sababu.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa Kwaresima, alitujia katekista wa kigango kimoja cha mbali, akiwa na baiskeli yake na simu mfukoni. Alikuwa na wakatekumeni 31 waliotazamiwa kubatizwa Pasaka. Majina yao, wasimamizi wao na mahudhurio ya miaka miwili aliyaandika katika programu ya daftari iliyomo katika simu.

“Baba,” alisema, “simu imekuwa nzito. Nikilifungua daftari, linaganda.”

“Ilete, Mwalimu. Ni jambo la dakika moja.”

Kulikuwa na watu barazani wakitungoja, nasi tulikuwa na haraka, tena na majivuno kidogo, maana tulijua njia ya kufika kwenye kitufe kile. Lakini katika ukurasa uleule wa simu kuna vitufe viwili jirani. Kimoja hufuta akiba. Kingine hufuta data yote ya programu, yaani kila ulichokiandika wewe mwenyewe, na kuirudisha ilivyokuwa siku ilipowekwa. Simu ilituuliza kama tuna hakika. Tulikubali bila kusoma. Daftari lilifunguka upesi mno, likiwa jeupe.

Katekista alilitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Majina nitayapata, Baba. Nitazunguka.”

Tulimwomba radhi. Akanyamaza tena, halafu akatuambia kwamba humo mlikuwa pia na maneno ya marehemu mkewe. Siku za mwisho za ugonjwa alimwita kitandani, akamtajia mtoto gani asilazimishwe kula nini, nani ana deni lao la mahindi, na yupi kati ya mabinti asiachwe kulala peke yake, kwa kuwa huota vibaya. Yeye aliandika kwenye simu kama alivyotajiwa.

“Hayo,” alisema, “sina pa kuyazungukia.”

Wapendwa wasikilizaji, tumeyafundisha Maandiko kwa miaka mingi, lakini sura ile ya 16 hatukuwa tumeisoma vizuri hadi juma lile. Mana iliyowekwa kwa hofu ilioza. Mana ya siku ya sita, iliyowekwa kwa ajili ya Sabato, haikuoza. Na mwishoni mwa sura Musa anamwambia Haruni atie kipimo kimoja cha mana katika chombo, akiweke mbele ya Bwana, vizazi vijavyo wapate kuona. Ilikuwa mana ileile, iliyookotwa katika jangwa lilelile. Moja ilipaswa kuliwa siku hiyo, nyingine kungoja kesho yake, nyingine isiguswe milele. Mtu asiyetofautisha hayo atalala na mabuu chini ya kitanda, au atakimwaga chombo cha Haruni akidhani anafanya usafi. Tumewaona wa namna hii ya pili: mtu amekosewa na kiongozi wa kwaya, naye anaacha kwaya, anaacha jumuiya, anaacha Ekaristi, anachana hata picha za harusi yake. Alikuwa na uchungu wa siku moja wa kufuta, akafuta ubatizo wake wote.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista hasa, kabla hamjagusa kitu chochote, someni kilichoandikwa juu ya kitufe. Lisilopaswa kupotea liwe na nakala mahali pengine: katika akaunti inayohifadhi nakala kwa njia ya intaneti, au katika memori kadi, na orodha za Sakramenti ziwe pia kwenye daftari la karatasi, ambalo halina kitufe. Na kama mnamsaidia mzee kurekebisha simu yake, muulizeni kwanza ana nini humo asichotaka kukosa. Sisi hatukuuliza.

Katekista yule alizunguka kweli. Siku 19 alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake, na katika Kesha la Pasaka aliyasoma majina yote 31 kutoka katika daftari la shule lenye jalada la bluu. Sikuzote alipokuja parokiani baada ya hapo alitusalimu kama alivyotusalimu kabla, akakaa kiti kilekile, akatueleza habari za kigango. Mwaka jana alituambia kwamba simu imeanza kuwa nzito tena, akaiweka mezani mbele yetu. Tulimrudishia mkononi. Tukasogeza viti karibu na dirisha penye mwanga, tukasoma naye neno kwa neno, polepole, hadi kwenye vitufe viwili, naye akabonyeza mwenyewe.